Mtani Aliyetutia Aibu Yerusalemu

Jamani, nimechoka. Tangu nirudi siwezi kushuka ghorofani kununua mkate hapa South Beach, Durban, bila mtu kunisimamisha: "Mama Neema, ni kweli Komba alitiwa ndani Yerusalemu?" Watu wa Pinetown wamesikia alipigwa na mapadri. Wa Overport ndio wamezidi, wanasema alikuwa anaiba taa ya kanisa. Uongo mtupu. Hakutiwa ndani, hakuiba kitu, na hakuna padri aliyempiga. Aliyempiga ni mimi, tena kwa mkoba, na nitaeleza kwa nini. Ila mkianza kusoma mfike mwisho, maana nusu ya habari ndiyo iliyozaa hayo maneno yenu.

Kwa wasiotujua vizuri: mimi ni Mhehe wa Iringa, nashona nguo. Komba ni Mngoni wa Songea, yuko kiwandani Pinetown. Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona heri watukanane wakicheka. Mtani wako anaweza kukuita mla mbwa mbele ya askofu, na wewe huruhusiwi kununa. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kukuvurugia kilio. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anajilaza hata kaburini anadai kuku na pombe, mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Hiyo ndiyo kazi yake, na asipoifanya watu wanasema msiba haukukamilika.

Mama yangu alifariki mwaka juzi. Simu ilipopigwa kwenye duka la simu la Mama Beatrice, rafiki yangu Mkongo, walikuwa wameshamzika. Tukakaa matanga hapa hapa chumbani kwangu, Wakongo wakaimba vizuri sana, na mimi sikulia. Msidhani nilijikaza. Machozi hayakuja tu. Siku ya pili Komba alifika mlangoni amevaa gauni, anachechemea, anaitisha ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi. Mama Beatrice akamfukuza kwa ufagio: "Toka, mulevi weye! Mutu amekufa na weye iko nacheka!" Mimi nilikuwa nimelala upande wa pili wa pazia, nilikuja kusikia baadaye. Komba aliponiona barabarani aliniambia neno moja tu: "Mhehe, kazi yangu haijaisha." Nikajua ananitania.

Baadaye dada yangu aliniletea kitambaa cha kichwa cha mama kwa mkono wa msafiri. Cheusi, maua mekundu, na pembeni kina fundo. Ndani ya fundo mna ugoro wake. Mama alilifunga mwenyewe kabla hajaugua, na hakuna aliyelifungua. Basi parokia ilipotangaza hija ya Yerusalemu, nilijua kitambaa kinakwenda wapi. Mama aliimba habari za Yerusalemu kila akipalilia mahindi, kama mtu aliyeacha shamba huko. Nilijiambia nitakiweka pale Bwana alipolazwa. Na kama hata hapo sitalia, basi mimi si mtoto wa mtu, ni gogo.

Kutoka Durban mpaka Cairo, penye robot zisizo na kazi

Kiongozi wetu alikuwa Mama Khumalo, muuguzi mstaafu, Mzulu wa maneno machache na chupa kubwa ya chai. Tulipopanda basi la Johannesburg, nani namkuta kiti cha nyuma? Komba, amevaa suti ya harusi.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kuhiji. Kwani Yerusalemu ni ya Wahehe?"

Kabla hatujafika Pietermaritzburg alishajitambulisha kwa Mama Khumalo kama ndugu yake wa damu. Akamwambia Wangoni ni Wazulu waliotoka hapa zamani za vita, wakasema wanakwenda mara moja, wakachelewa kurudi. "Hawu!" akasema Mama Khumalo, akammiminia chai. Mimi nimekaa Durban miaka sita sijawahi kumiminiwa chai na Mzulu nisiyemjua. Nikamwambia Komba amweleze pia jinsi walivyokuwa wakiiba ng'ombe za watu njia nzima. Akasema hilo atalieleza wakati wa kurudi.

Ndege ilichelewa Johannesburg, ikachelewa tena, halafu wakatuambia imekuja ila rubani hajaja. Tulifika Cairo tumevimba miguu. Jamani, Cairo! Robot, yaani taa za barabarani, zipo, zinawaka nyekundu na kijani kama za kwetu, na hakuna mtu hata mmoja anayezitazama. Magari, punda, watoto, wote wanapita pamoja wakipiga kelele. Mama Khumalo alisimama kando ya barabara ameshika rozari, akasema, "Eish, mimi sivuki." Kweli hakuvuka mpaka mzee mmoja muuza machungwa alipomshika mkono bila kuulizwa, akamvusha kama bibi harusi, akarudi kwenye machungwa yake.

Chakula chao cha mchana kilinishangaza zaidi. Wali, tambi, dengu, na vitunguu vya kukaanga, vyote bakuli moja, kana kwamba mpishi amekosea sufuria. Nilikula mabakuli mawili. Komba naye alikuwa anawaonya mbwa wa barabarani kwa sauti: "Kimbieni! Mhehe amekuja!" Na mbwa mmoja alikimbia kweli. Watu wote wa kikundi wakanitazama.

Mpakani

Kutoka Cairo tulikata jangwa la Sinai kwa basi. Sikujua kwamba duniani kuna mahali pakavu hivyo. Hata mwiba hujiuliza kama uote. Tulifika mpaka wa Israeli, tukapangwa foleni.

Aliyenipekua alikuwa binti. Mdogo kuliko Neema wangu, nywele amezifunga mkia, na bunduki begani inayogonga meza kila akiinama. Nilishikwa na bumbuwazi. Kwetu binti wa umri huo unamtuma chumvi dukani. Akatoa nguo zangu moja moja, hana haraka, mpaka akakifikia kitambaa. Akalibonyeza lile fundo.

"Nini hii?"

"Ugoro wa mama."

Ugoro kwa Kiingereza mimi naujulia wapi? Nikasema ni tumbaku ya pua. Akaita mkubwa wake. Mkubwa akaita mwingine. Wakaniuliza mama yuko wapi, nikasema kaburini. Wakaniuliza nani alifunga fundo hili, nikasema yeye. Wakatazamana. Kikundi kizima kikasimamishwa, na basi letu upande wa pili likazima injini.

Yule binti akasema lazima lifunguliwe. Nikasema halifunguliwi. Hilo ni fundo la mkono wa mama yangu, na mkono huo hautafunga jingine. Mama Khumalo akanivuta sketi. Askari wakaongezeka. Ndipo Komba akajipenyeza mbele na suti yake, akapiga saluti isiyo ya jeshi lolote, akaanza kuwaonyesha kwa vitendo jinsi bibi anavyonusa ugoro: kidole, pua moja, pua ya pili, macho yanafumba, chafya. Askari wawili walicheka. Wa tatu hakucheka, na kwa bahati mbaya huyo ndiye aliyekuwa mkubwa.

Tulikaa pale mpaka jua likageuka. Mwishoe binti alilifungua. Nakiri alilifungua polepole, kwa kucha, kama anayemtoa mtoto mwiba. Wakanusa, wakapiga chafya, wakaturuhusu. Nilishikilia kile kitambaa kimelegea, nikajua sasa nitalia. Wapi! Nilihisi baridi tu. Komba alikusanya ugoro kwenye karatasi ya biskuti, na njia nzima hakunitania hata mara moja. Hiyo ilinitisha kuliko askari.

Ndani ya kuta

Nyie mnaniuliza kama Yerusalemu ni ya dhahabu. Kuba moja ni ya dhahabu, ndiyo, na hiyo ni ya Waislamu. Mengine yote ni mawe, ngazi na maduka. Nilikuja nimejiandaa kupiga magoti langoni, na mtu wa kwanza niliyekutana naye alikuwa anasukuma mkokoteni wa vichwa vya kondoo akinipigia kelele nimpishe. Kuna njia ile aliyopita Bwana akibeba msalaba, na kando yake wanauza mataji ya miiba: dogo, la kati na kubwa. Nilisimama nimeachama. Muuzaji akadhani nachagua, akanivisha la kati.

Halafu kelele zake! Kengele zinalia, adhana inaanza kabla kengele haijanyamaza, na chini huko Wayahudi wanateremka kwenda kwenye ukuta wao wakiimba, wamevaa kofia za manyoya kwenye jua lile. Tulikwenda kwenye huo ukuta. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, kama msikitini. Mama mmoja alikuwa ameuegemea kwa paji la uso, mabega yanatikisika, analia bila sauti. Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe. Nilisimama nyuma yake nikamtazama kama mtu mwenye njaa anavyomtazama anayekula.

Usiku niliposhindwa kulala nilimuuliza kiongozi wetu wa pale, Mkristo Mwarabu aliyezaliwa ndani ya kuta hizo hizo, kesho kwenye kanisa la kaburi la Yesu nani atatufungulia mlango. Akasema, "Mwislamu."

"Mwislamu gani?"

"Mwenye ufunguo. Ukoo wake wanautunza tangu zamani za kale. Wakristo wa madhehebu yote humo ndani hawaaminiani, basi ufunguo anakaa nao mtu wa nje."

Nilicheka nikidhani ni mzaha wa wenyeji. Asubuhi nikamwona kwa macho yangu: mzee wa Kiislamu, koti la kijivu, amekaa kwenye benchi ndani ya mlango wa kaburi la Yesu, anakunywa kahawa.

Kwenye jiwe

Ukiingia tu, hatua chache, jiwe liko hapo. Jekundu-jekundu, refu kama mtu, taa zimening'inia juu yake. Ndipo wanaposema Bwana alilazwa apakwe manukato. Nami niwaambie, pale hapakuwa ibada, palikuwa msiba. Wanawake wamelizunguka kwa magoti, wanalifuta kwa mafuta na vitambaa, wanalia kana kwamba maiti imeteremshwa sasa hivi. Mabibi wa Kirusi wenye vilemba, Wahabeshi wenye shuka nyeupe, Mama Khumalo wetu naye, yule asiye na maneno, anatoa sauti niliyokuwa siijui.

Nikapiga magoti. Nikatandika kitambaa cha mama juu ya jiwe, nikakilaza vizuri, maua yakitazama juu. Nikasali Baba Yetu. Nikakumbuka goti baya la mama, kikohozi chake, namna alivyofunga kilemba fundo likae juu ya sikio la kushoto. Nikangoja. Watu walikuja wakalia wakaondoka, wakaja wengine wakalia wakaondoka. Mimi macho makavu. Hapo ndipo niliogopa kweli kweli. Nikajisemea kumbe ndivyo nilivyo. Nikainuka.

Nilipogeuka, kitambaa hakipo.

Komba alikuwa amekifunga kichwani. Mtu mzima, ndevu, suti ya harusi, na fundo juu ya sikio la kushoto. Alijilaza sakafuni kando ya jiwe. Nasema kando, si juu yake, na atakayesema juu yake aje anikabili. Akakunja goti moja kama mama. Akatoa karatasi ya biskuti mfukoni, akanusa, akapiga chafya iliyozunguka kanisa zima. Halafu akaita, kwa sauti ile ile ya kukwaruza:

"We Sikudhani!"

Sikudhani ni jina langu la nyumbani. Durban nzima hakuna anayelijua. Lakini Komba kila akienda likizo alipitia kwetu kumpelekea mama sukari na sabuni, akanywa naye ulanzi, akamsikia akiniita kwa jina hilo kila akinitaja.

"Abee, mama," nikajibu.

Jamani, nilijibu. Mdomo ulijibu kabla ya kichwa.

"Kamwene! Hata salamu ya kwetu hujibu? Umenileta mbali hivi hujanipikia hata ugali? Hawa wazungu wananililia, hata hawanijui! Wewe niliyekubeba mgongoni umesimama hapo kama mlingoti wa bendera. Nani amekufundisha tabia hiyo? Lia upesi nikapumzike, sakafu hii baridi, goti linaniuma!"

Nilimpiga. Nilimpiga na mkoba mara sijui ngapi, nikimwita mwizi wa ng'ombe, mkimbizi, mshenzi asiye na haya, hapa kaburini kwa Bwana! Naye anajikinga na kulalamika kwa sauti ya mama, "Tazameni, mtoto ananipiga!" Na katikati ya kumpiga nikasikia mtu anacheka, kumbe ni mimi. Nikacheka mpaka nikaketi sakafuni, na kile kicheko kikageuka. Kilitoka kilio cha mwaka juzi chote. Nililia kama tunavyolia Iringa, mikono kichwani, nikimwita mama kwa sauti.

Sasa vurugu. Akaja mtawa wa joho jeusi na kofia ndefu, amewaka. Kutoka upande mwingine akaja wa joho la kahawia na kamba kiunoni. Wa kahawia akamshika Komba mguu amburute. Wa kofia akampiga mkono wake auache. Nikadhani anamtetea. Kiongozi wetu akaninong'oneza kwamba humo ndani kila kipande cha sakafu kina wenyewe, na hapo jiweni ni pa wote. Atakayemtoa mtu hapo ni kama amesema sakafu ni yake. Basi hakuna anayeruhusiwa kumtoa! Wakabaki wanafokeana juu yake kwa lugha mbili, na Komba amelala katikati na kilemba chake, anangoja wapatane.

Aliyemaliza ni yule mzee wa Kiislamu. Aliweka kikombe chake chini, akaja taratibu, akaniuliza kupitia kwa kiongozi wetu, "Ni mama yako aliyekufa?"

"Ndiyo, baba. Ni mama yangu."

"Na huyu ni nani wenu?"

Mtani kwa Kiingereza sikujua anaitwaje. Nikasema ukweli: "Ni adui yetu."

Mzee alimgeukia Komba. Kisha akamwonyesha kidole: inuka. Komba akainuka mara moja, akajipangusa suti, na wale watawa wakarudi kila mtu kwake, maana hakuna aliyeshindwa. Mzee akatutoa mpaka uani yeye mwenyewe, akanikalisha kwenye ngazi.

Komba alikaa pembeni yangu. "Umeona?" akasema. "Yule mzee ndiye mtani wao."

Nilikuwa bado nalia. Wale mabibi wa Kirusi walikuwa wametufuata, na Wahabeshi nyuma yao. Walidhani mama amefariki asubuhi ile. Mmoja akanikumbatia kichwa, mwingine akanifuta uso kwa shuka yake, wakakaa chini wote, wakalia nami. Mama mmoja wa Kiislamu muuza mikate, ile ya mviringo yenye ufuta, aliacha sinia lake akaja akanitia mkate mkononi, akanishurutisha nile, kama wanavyofanya kwetu. Nikala huku nalia. Kiongozi akaniambia wanauliza maiti iko wapi.

Nikawaonyesha Komba.

Sitasahau nyuso zile mpaka nife.

Nyumbani

Safari ya kurudi haina mengi. Nililala Sinai yote, nikalala angani, sijui hata ndege ilichelewa kiasi gani. Mama Khumalo aliniegemeza kichwa begani kwake, ila yeye na Komba hawakusemeshana mpaka basi la Durban lilipofika Harrismith. Hapo mama huyo alimgeukia Komba, akamwambia kwamba kwa kweli Wangoni walifanya vizuri kuondoka.

Kitambaa hajanirudishia. Ni haki yake, mtani akishachukua kitu cha marehemu lazima kikombolewe, naye amedai kuku. Basi Jumapili njooni wote, tunafunga matanga ya mama. Mama Beatrice ameshaelezwa, ameahidi kwamba safari hii ufagio utakaa jikoni. Kuku nimemnunua soko la Warwick, yuko bafuni, na tafadhali asiwepo wa kumwambia mwenye nyumba.

Jana nilikuwa kwenye cherehani, mlango umefungwa, nikasikia mtu anakokota mguu kwenye kibaraza. Kisha ile sauti ya kukwaruza: "We Sikudhani! Siku hizi unamfungia mama yako mlango?"

Najua ni Komba. Najua kabisa ametoka zamu Pinetown na ananusa kuku wangu.

"Abee, mama," nikasema, nikaenda kumfungulia.